Mada ya bolti zilizogoma kwenye boti kuukuu: joto, subira, na lini uikate mwenyewe

Mkuku wa Mvule

Wakuu salama? Kila mara humu kuna mtu anauliza bolti ya mashine ya boti imegoma afanyeje, anajibiwa "pulizia WD-40 mkuu", anapuliza, anachomeka bomba kwenye spana apate nguvu, halafu anarudi na picha bolti imekatikia ndani. Nimeona niandike mahali pamoja ninavyofanya mimi, na mafundi wengine mje muongezee au mnikosoe, tusiwe tunarudia yaleyale.

Mi niko Kunduchi, kazi yangu kubwa ni boti za faiba zilizochoka pamoja na mashine zake, hizi Yamaha 40 na 60 za kuchanganya oili mnazozijua, mara mojamoja mashua ya mbao. Sasa hivi nina Yamaha 40 ya mvuvi mmoja, inachemka, njia za maji zimejaa chumvi, kwahiyo kifuniko cha thamostati, ile vali ya maji ya kupoza, lazima kitoke na silinda hedi lazima itoke, na kwa ninavyoona hakuna bolti hata moja iliyowahi kuguswa tangu itoke kiwandani. Ndo hali ya mashine nyingi huku pwani, watu wanabadilisha plagi na pangaboi basi, mpaka siku inakufa.

Tuelewane kwanza nini kinashika pale ndani, maana watu wote wanasema kutu. Bodi ya mashine ni aluminiamu, bolti ni stenlesi, na maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwenye lita moja. Ukiweka metali mbili tofauti zinagusana ndani ya maji ya chumvi umeshatengeneza betri, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni aluminiamu. Stenlesi inabaki inang'aa. Ule unga mweupe mnaouona pembeni ya kichwa cha bolti ndo mabaki ya aluminiamu iliyoliwa, na huo unga unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyokuwepo, kwahiyo unajipakia kati ya bolti na tundu unakuwa mgumu kama saruji. Mafuta hayapenyi pale. Unaweza kumwagia wiki nzima yanaishia juu tu.

Na kitu kingine, mara nyingi bolti haijashikwa kwenye nyuzi. Imeshikwa kwenye shingo, pale inapopita ndani ya kifuniko, maana ndo maji yanapovuja na kukaa. Nyuzi kule chini unakuta ziko safi kabisa. Hili likumbukeni, nitalirudia mbele.

Asa kabla sijashika spana najiuliza swali moja tu: hapa naokoa nini? Bolti ni kitu cha bei ndogo, bloku haipatikani kirahisi na ikipatikana utauza ngalawa. Kwahiyo bolti tangu mwanzo naihesabu imeshakufa. Nikiipata nzima sawa. Nisipoipata, nataka nichague mimi inakatikia wapi, isichague yenyewe.

Kazi yenyewe inaanza na usafi. Brashi ya waya, ncha ya msumari, chokonoa kile kichumvi chote kuzunguka kichwa mpaka soketi ikae mpaka chini. Soketi iwe ya pembe sita, zile za pembe kumi na mbili zinashika kwenye kona tu zinakula kichwa. Spana malaya iweke mbali kabisa, hiyo kazi yake ni bomba za maji nyumbani. Halafu chukua nyundo ya wastani na kipande cha shaba, gonga kichwa cha bolti sawasawa kwa kukisimamia, si kwa kishindo, gonga mara nyingi nyingi. Halafu gonga na kifuniko chenyewe pembeni ya bolti kwa nyundo ya mpira. Lengo ni ule unga upate ufa.

Baada ya hapo joto. Ngoja nile nije niendelee, hapa pa joto ndo penyewe.

Sangara Mkavu

Naweka kambi hapa. Mkuu sisi huku Mwanza hatuna hiyo shida sana, mashine ina miaka kibao ukiifungua bolti zinatoka na spana ya kawaida. Ila zikija mashine used kutoka Dar au Tanga ndo tunakoma.

Kijana wa Magogoni

Mzee kuna jamaa aliniambia Coca inatoa kila kitu, unaloweka usiku asubuhi inatoka yenyewe 😂 ni kweli au?

Mkuku wa Mvule

Nimerudi.

@Kijana wa Magogoni Coca ina asidi ya fosforasi kidogo, kutu ya juu juu kwenye nati ya chuma uliyoiloweka kwenye bakuli itaitoa ukisubiri. Ila bolti iliyosimama kwenye mashine utailoweka vipi, na ukishamwaga soda humo ndani inabidi uoshe sukari. Kunywa tu.

@Sangara Mkavu maji ya ziwa hayana chumvi kwahiyo hiyo betri ni dhaifu sana. Ila angalieni kitu kimoja huko, zile zinki za kujitolea zinazofungwa kwenye mguu wa mashine ziliwe badala ya bodi, zinki ni ya bahari. Kwenye maji baridi ya ziwa zinki inajifunika gamba inaacha kufanya kazi, huko mnatakiwa mfunge za magnesiamu. Na msije mkaipaka rangi, nimeona mashine zimepigwa rangi mpaka kwenye zinki, imeshakuwa pambo.

Haya, joto. Aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko stenlesi. Kwa kila digrii moja aluminiamu inaongezeka kama sehemu 23 za milioni ya urefu wake, stenlesi ya kawaida kama 17, chuma cha kawaida kama 12. Chukua tundu la bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, pandisha joto digrii 150, tofauti unayoipata kati ya tundu na bolti ya stenlesi haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Utaniambia hiyo ni nini sasa? Ndogo ndio, ila ule unga hauvutiki, ukinyooshwa kidogo tu unapasuka. Ndo maana mara moja haitoshi, unapasha, unaacha ipoe, unapasha tena, kila mzunguko unapasuka zaidi. Na ikiwa ya moto ndo unaweka mafuta pembeni, maana inapopoa inayavuta ndani kwenye zile nyufa. Wengine wanagusisha mshumaa badala ya mafuta, nta inayeyuka inajipenyeza, nayo inafanya kazi vizuri sana na haileti moshi mwingi.

Unapasha aluminiamu inayozunguka bolti, sio bolti. Zungusha tochi, usiisimamishe sehemu moja. Na hapa ndo watu wanaua mashine: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu unajua umefika, aluminiamu haibadiliki rangi. Inakaa hivyohivyo nyeupe nyeupe, halafu ghafla inadondoka chini. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye digrii 660, hizi za kumimina za mashine zinaanza kulegea kabla ya hapo. Mimi natumia kipande cha sabuni ya mche, nasugua alama pembeni ya bolti. Ile alama ikianza kuwa ya kahawia umeshapitiliza, toa moto haraka. Kwa kazi hii huhitaji kufika huko, tone la maji likirukaruka na kukauka papo hapo panatosha.

Ukishapasha, jaribu kwanza KUKAZA. Kidogo tu, kama unataka kuifunga zaidi. Halafu legeza. Kaza, legeza. Ikitoa mlio wa "ka!" hapo imeachia, irudishe mbele na nyuma robo robo huku unaongeza mafuta, usivute moja kwa moja mpaka mwisho kwa sababu ule unga unaosagika unaweza kuishika tena njiani.

Ila ukihisi spana inasogea laini, haina mlio, inakuja tu kama inanyooka, ACHA. Hapo bolti haifunguki, inajinyonga. Ukiongeza nguvu kidogo imekatika, na itakatikia pabaya.

Likoni Mnarani

Buda hii uzi umekuja wakati imenikuta. Boti yangu ya faiba nilipeleka kwa fundi flani hapa Mombasa anishushie mguu wa mashine abadilishe impela ya pampu ya maji, ameniletea na bolti mbili zimekatikia ndani, imezama kama milimita mbili chini ya uso. Ananiambia nitafute iziauti, kile kichuma cha kutolea bolti iliyokatika. Nikanunua. Sasa kabla sijaitumia nikaona nisome hapa kwanza.

Fundi Cheche

@Likoni Mnarani rudisha hiyo iziauti dukani. Hebu fikiria, bolti nzima yenye kichwa na soketi nzuri imekataa mpaka imekatika, asa wewe unataka uitoboe katikati uingize kachuma kembamba kuliko bolti ndo kaizungushe? Iziauti ni ya bolti iliyokatika kwa kukazwa sana, ambayo haijashikwa. Kwa hii ya chumvi itakatikia humohumo, na iziauti ni chuma kigumu sana drili ya kawaida haikigusi hata ukiikalia. Utakuwa na shida mbili kwenye tundu moja.

Mi ni mtu wa kuchomelea, dawa yake ni nati. Weka washa juu ya bolti iliyokatika, chomelea kupitia tundu la washa mpaka ishikane na bolti, halafu weka nati juu ya washa chomelea ndani ya nati. Raha yake ni kwamba chuma hakishikani na aluminiamu, kwahiyo hata cheche zikigusa kuta za tundu haziungi, zinaungana na bolti tu. Bolti ikiwa stenlesi na nati ya chuma cha kawaida tumia vijiti vya 309L, ndo vya kuunganisha hivyo viwili. Na hapo umepata faida ya pili, joto la kuchomelea limeingia kwenye bolti yenyewe, ikipoa inanywea. Subiri ipoe mpaka ushike kwa mkono, usikimbilie spana ikiwa nyekundu utaing'oa nati. Ikikatika nati chomelea nyingine, ndo kazi ilivyo.

Kabla ya hapo toa waya za betri, toa CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, kabisa weka mezani, na kibano cha athi kiweke karibu kabisa na bolti unayochomelea. Ukikiweka mbali umeme utapita kwenye beringi za kranki uzichome.

Likoni Mnarani

Sasa imezama 2mm nati itashikaje

Fundi Cheche

Unajaza kwanza. Doa moja moja, doa, gonga ganda, doa, mpaka ipande juu ya uso. Taratibu. Mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya, ni rahisi zaidi kwa hiyo, ila hata ya vijiti inawezekana ukitumia vijiti vyembamba.

Daktari wa Ngama

Wakuu samahani naingilia, mnaongea moto na cheche hapo ila hamjasema kitu kuhusu petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, unaweza usiusikie harufu ukiwa umesimama. Boti kuukuu zote zina mpira wa mafuta uliopasuka sehemu. Tangi litoke nje ya boti, sio lisogezwe omo kule mbele, LITOKE. Kausha ngama, fungua vifuniko vyote hewa ipite. Na kama mashine inaweza kushushwa ikafanyiwa kazi nje kwenye stendi basi shusha, acheni uvivu.

Na hizi dawa za kupuliza za kusafishia breki, nyingine zina klorini. Ukipulizia ukasafisha halafu ukaja na tochi au ukachomelea kabla haijakauka inatengeneza gesi ya sumu kabisa ya kuua mapafu. Soma kopo. Tumia maji ya sabuni.

Mkuku wa Mvule

Daktari asante sana, hiyo ilitakiwa iwe ya kwanza kabisa.

Fundi Cheche namuunga mkono kwenye nati, ila nina njia yangu ambayo naiweka kabla ya kufika huko, na ndo sababu hasa ya kufungua huu uzi. Nilisema pale mwanzo bolti nyingi zimeshikwa shingoni ndani ya kifuniko. Sasa ukifika ile hatua ya spana kuja laini, watu wanafanya nini? Wanaendelea kwa kumuomba Mungu. Mimi hapo naweka spana chini nachukua drili, natoboa kichwa cha bolti katikati na biti yenye unene wa shingo ya bolti. Kichwa kinang'oka kama washa. Hapo umefanya mambo mawili: mkazo wote uliokuwa unavuta bolti umeisha, na kifuniko sasa kinaweza kuvutwa juu, kikachelewa kidogo ukakigonga gonga na kukipasha kinatoka. Kikishatoka unabaki na shina la bolti limesimama juu ya bloku, refu la kutosha, la kushika na vaisgripu, ile koleo ya kujifunga, au kuchomelea nati kwa raha. Pasha bloku, zungusha, linatoka. Mara nyingi linatoka hata kwa mkono, kwa sababu nyuzi hazikuwa na shida tangu mwanzo.

Linganisha na ile iliyokatika yenyewe. Bolti ikijinyonga inakatikia pale ilipoliwa zaidi au pale nyuzi zinapoanza, yaani palepale usawa wa bloku au ndani yake. Huna cha kushika. Ndo ya mwenzetu wa Likoni.

Hiyo Yamaha niliyosema, kifuniko cha thamostati kimetoka hivyo. Bolti ndogo za M6 mbili za chini, zinazokaa kwenye maji muda wote, zilikuja laini, nikazitoboa vichwa. Silinda hedi imetoka kwa joto na kukaza-kulegeza, mchana mzima, siyo kazi ya kuvuta sigara na simu mkononi.

Kijana wa Magogoni

Na mafuta gani sasa mzee maana umesema hayapenyi

Mkuku wa Mvule

Hayapenyi kwenye ule unga mweupe wa aluminiamu mpaka uupasue. Kwenye chuma na chuma, yaani nati za kutu ya kahawia, yanasaidia sana. WD-40 jina lake lenyewe linatokana na kufukuza maji, ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 kwa kuzuia kutu, kulegeza bolti ni kazi ya ziada. Mi nachanganya mafuta ya gia boksi otomatiki nusu na asetoni nusu, tikisa kila mara kabla ya kuweka maana yanajitenga, na usiweke karibu na moto, asetoni inawaka haraka kuliko unavyodhani. Asetoni pia inakula plastiki na rangi. Kama huna hata dizeli tupu ukiipa usiku mzima sio mbaya.

Bi Mashua

Mi naomba kuuliza ya boti yenyewe sio mashine. Boti yetu ya watalii ya faiba, bolti za vishikio vya kamba na za reli zimeganda, nati ziko chini ya deki nazifikia kwa shida. Fundi amekuja na tochi ya gesi nikamkatalia nikamwambia subiri kwanza.

Mkuku wa Mvule

Dada umefanya vizuri sana kumkatalia. Resini ya kawaida ya faiba inaanza kulegea kwenye joto ambalo halijafika hata la maji kuchemka. Tochi ya gesi dakika moja umeshaunguza deki ndani, juu unaona rangi imebadilika kidogo tu.

Kwenye faiba joto linapelekwa kwenye bolti peke yake na kwa kiasi. Chukua pasi ya kulehemu ya mafundi redio, ile kubwa, weka ncha yake juu ya kichwa cha bolti uisubirie. Mara nyingi kinachoshika pale ni Sikaflex au gundi nyingine ya boti, sio kutu, ikipata uvuguvugu inalegea. Ikiwa ni nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi hapo kuna ugonjwa mwingine, hizo zikisuguana kavu zinalambana zinakuwa kitu kimoja, hata mpya. Hiyo usihangaike, kata nati. Tindo kali na nyundo ndogo kama kuna nafasi, au msumeno wa chuma kwa urefu wa nati upande mmoja, ikipasuka inafunguka. Grenda ndani ya boti ya faiba sipendi, vumbi lake na cheche zake, ila kama huna njia weka blanketi lililoloa maji.

Ukishazitoa angalia zile bolti vizuri. Stenlesi inajilinda kwa kupata hewa, ina kiutando juu yake kinachojitengeneza kwa oksijeni. Ikikaa kwenye tundu lenye maji yaliyotuama bila hewa kile kiutando kinakufa, inaliwa kimyakimya. Kichwa kinang'aa, nati inang'aa, katikati imebaki nyembamba. Zikiwa hivyo badilisha zote, usichague. Nunua zilizoandikwa A4 kichwani, sio A2. A4 ndo stenlesi ya 316, ya bahari.

Kibwana wa Nungwi

Assalaam aleykum. Nyie vijana nyote mnazungumza mashine na faiba, hebu na sie wa mbao tuseme. Mimi nimezaliwa kwenye majahazi na huo utando wa stenlesi alosema huyu mwenzetu ndo umetuharibia vyombo. Watu waliacha bolti za chuma zilopakwa zinki wakafata stenlesi kwa sababu inang'ara, wakaitia kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndani ya ubao ulorowa. Chuma cha zinki kikiharibika utakiona, ubao unakuwa mweusi, kutu inachuruzika, chombo kinakulilia. Stenlesi haisemi kitu mpaka mkuku uachie.

Bolti ya mkuku haitolewi kwa kuzungushwa, inatolewa kwa kupigwa. Funga nati mpaka isawazike na ncha ya bolti ili nyuzi zisipondeke, piga kwa nyundo nzito, pigo moja moja la nguvu. Kugongagonga kunaitanua kichwa tu. Ikikubali kusogea hata kidogo basi, toa nati, endelea na chuma cha kusukumia. Ikikatika ndani, chukua kipande cha bomba la chuma linalopita juu ya bolti, mdomoni kata meno kwa tupa, lifunge kwenye drili, lipitishe kuizunguka ile bolti. Litakata ubao duara, bolti na ubao ulooza vinatoka pamoja. Na huo ubao mweusi ulotoka uuchokonoe kwa kucha, ukimeguka basi jua pembeni yake bado upo mwengine mbovu, endelea kupanua mpaka ufike kwenye ubao mzima. Halafu ziba kwa kigingi cha mti uleule, mvule kwa mvule, kwa gundi ya epoksi, uje utoboe upya.

Na moja moja. Usitoe zote ukaenda kula. Toa moja, tia moja.

Mkuku wa Mvule

Waaleykum salaam mzee wangu, nimejifunza. Lile bomba la meno nimewahi kulisikia sikujua linafungwa kwenye drili, nilidhani la kuzungusha kwa mkono.

Kibwana wa Nungwi

La mkono lipo pia, kama huna umeme. Utaomba dua nyingi.

Sangara Mkavu

😂😂 Sasa wakuu kama kila kitu kimeshindikana, nati haishiki, imezama, ndo tunatoboa. Tuelekezeni kutoboa stenlesi, mimi huwa biti zinaisha makali kwenye bolti moja.

Fundi Cheche

Zinaisha kwa sababu unaendesha drili mbio. Stenlesi ukiisugua bila kuila inakuwa ngumu zaidi pale juu. Polepole, kandamiza kwa nguvu, mafuta muda wote, chipsi zitoke ndefu. Ikianza kupiga kelele bila kutoa chipsi umeshaigandisha. Biti za kobalti.

Mkuku wa Mvule

Na tatizo kubwa zaidi ya makali ni kuhama. Bolti ni ngumu, aluminiamu pembeni laini, biti inateleza inakimbilia kwenye aluminiamu. Mimi narudisha kile kifuniko kilichotoka, nakifunga na bolti nzima za pembeni, halafu naenda kwa fundi wa lezi ananichongea bushi ya chuma inayoingia kwenye tundu la kifuniko, katikati ina tundu la milimita 4. Biti ikipita humo haina pa kwenda zaidi ya katikati ya bolti. Ukishakuwa na hilo tundu dogo la katikati lililonyooka unaongeza ukubwa pole pole.

Kwa M6 unaishia biti ya milimita 5, M8 unaishia 6.8, M10 unaishia 8.5. Ukiwa umenyooka kweli, zile nyuzi za bolti zinabaki kama springi nyembamba ndani, unazichomoa na ncha ya sindano, halafu unapitisha tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi, kusafisha. Ukihama kidogo, unapanua unaweka Helicoil, yaani springi ya waya inayokuwa nyuzi mpya za tundu, na kiukweli nyuzi za Helicoil ndani ya aluminiamu ni imara kuliko zilizokuwepo mwanzo, sio aibu kuziweka. Tapu yake ni ya peke yake, inauzwa na seti, usitumie ya kawaida.

Likoni Mnarani

Updeti: moja imetoka kwa nati ya kuchomelewa kama alivyosema Fundi Cheche, nati ya kwanza iling'oka, ya pili ikashika. Wallahi ilivyotoka nyuzi zake safi kabisa! Imeliwa pale juu tu. Ya pili bado inanisumbua, kesho tena.

Sasa nikirudisha nipake nini isishike tena? Duka wamenionyesha ile grisi ya shaba ya kopo.

Mkuku wa Mvule

Hongera sana. Ya shaba hapana kabisa, hiyo ni ya breki na eksozi za gari. Shaba ndani ya aluminiamu kwenye maji ya chumvi umeongeza betri nyingine kali kuliko ya stenlesi. Tafuta Tef-Gel au Duralac kama unapata mtu wa kukuletea, ghali ila kopo dogo linakaa miaka. Ukikosa, grisi ya boti isiyopitisha maji, paka kwenye nyuzi NA kwenye shingo yote ya bolti, na chini ya kichwa. Watu wanapaka nyuzi tu wakati nimeshasema ugonjwa uko shingoni. Ukishapaka usikaze kwa nguvu zilezile za kavu, bolti yenye grisi inavutika zaidi kwa nguvu ileile ya mkono.

Na kila mwaka, kabla ya kusi haijaanza au wakati wowote boti iko juu, zifungue hizo muhimu moja moja, futa, paka, rudisha. Za mguu, za thamostati, za zinki.

Bi Mashua

Zangu zimetoka zote isipokuwa mbili, hizo tumekata nati. Na kweli kuna mojawapo ukiishika katikati imekuwa kama imetafunwa, na hapo ndo tunafungia kamba na wageni wako ndani. Nimeagiza A4.

Kijana wa Magogoni

Mzee swali la mwisho, nimenunua seti ya soketi, kwenye chati imeandikwa M8 ni soketi 13. Nikiweka 13 kwenye Yamaha inacheza, na 12 inaingia kwa kubana. Nigonge 12 au?

Mkuku wa Mvule

12 ndo yenyewe, sio kubana, ni chumvi kwenye kona, safisha kichwa. Chati yako ni ya Kizungu. Wajapani M8 wanaiwekea kichwa cha 12 na M10 kichwa cha 14, M6 ni 10 kotekote. Ukitumia 13 pale umeshakula kichwa kabla hujaanza.